Kafi la Kwanza la Kwendea Mikokoni

Wajukuu zangu, kulikuwa na nyumba moja Diani, upande wa ufukweni, ambayo sebuleni mwake palitundikwa kafi ukutani kwa misumari miwili. Nililiona kwa macho yangu siku tulipopeleka boriti za banda la bustanini. Lilikuwa kafi refu, jembamba, limenyooka kama uzi, linang'aa kana kwamba lilikuwa limetoka kuogeshwa. Mpishi wa nyumba ile, kijana wa Msambweni, aliniona nimelikodolea macho, akaniuliza kama nimewahi kuona kafi zuri namna ile. Nikamjibu kwamba nimewahi. Sikumwambia kuwa mng'ao ule niliutia mimi, kwa mafuta ya papa, nikiwa na wasiwasi wa mtu anayengojea posa yake ijibiwe.

Nawaandikia habari za kafi lile kwa sababu mmeniuliza wenyewe. Tangu mlipoanza kupanga safari yenu ya kwanza ya kuingia mikokoni, kulala huko na kurudi, kila anayepita barazani kwangu ananitupia swali lile lile: Babu, ninunue kafi gani, na fedha zenyewe ndizo hizi? Mimi nilifanya kazi ya boriti ujana wangu wote, na nilipoacha kukata nikachonga makafi mpaka macho yakanikatalia. Ningeweza kuwajibu kwa maneno machache. Lakini jibu la maneno machache nilipewa mimi pia nilipokuwa rika lenu, nami nikaliacha pale pale niliposimama. Kwa hiyo nitawajibu kwa mapana, na atakayechoka na aruke kidogo, mradi asiruke mahali pa kifundo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Boriti za mikoko zilikuwa na soko kubwa. Mashua zilikuja kuzichukua mlangoni mwa bahari, nyingine zikizipeleka Mombasa na nyingine mbali zaidi, Arabuni. Waliozikata walikuwa watu wa vijiji vyetu, wamejigawa vikosi, kila kikosi na mnyapara wake na kibali chake cha serikali. Kikosi kiliingia mikokoni wakati wa bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa sana hadi yakafika kwenye vijito vya ndani kabisa, na kilitakiwa kiwe kimetoka na mzigo wake kabla bamvua halijaisha. Ukichelewa, maji hayafiki tena ulipo. Unakaa na boriti zako juu ya tope mpaka bamvua jingine, na maji ya kunywa uliyokwenda nayo hayangoji.

Mimi sikuwa mtu wa maji. Nilizaliwa Kikoneni, kwenye mihogo na ng'ombe wa ami yangu. Baba alipofariki, mama alirudi kwao Munje, nami nikamfuata nikiwa kijana mzima, nikaipenda bahari kwa mapenzi ya mtu aliyechelewa kuijua. Vijana wa Munje walikuwa wamejua kupiga kafi kabla hawajajua kufunga vikoi vyao. Niliona haya kuwaomba wanifundishe. Nikaamua kujifundisha mwenyewe, uani, kila alasiri. Nilikaa juu ya mbuzi ya mama ya kukunia nazi, kwa kuwa ni fupi kama kikalio cha mtumbwi, nikashika upongoo wa mnazi, nikapiga hewa kulia, nikapiga hewa kushoto, macho yamekazwa mbele. Mama alikuwa akisimama mlangoni na nazi yake imeshavunjwa, akiingojea mbuzi. Siku moja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimekaribia kufika.

Niseme wazi kuhusu tabia yangu, maana bila kuijua hamtaelewa yaliyofuata. Nilikuwa mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nikifagia ua, narudia. Nikifunga fundo, nalifungua nione kama nililifunga vizuri. Mtu akinisifu, usingizi unapaa, nikiwaza kama kesho nitaweza kufanya vilevile. Wengine huzaliwa na kilema cha mguu, mimi nilizaliwa na hiki. Kimenisaidia katika uchongaji na kunitesa katika mengine yote.

Basi mama aliweka sharti. Kikosi cha Munje kilikuwa na nafasi moja, kwa sababu mtu wao mmoja alikuwa ameoa Wasini akahamia huko. Mnyapara, Mzee Mwero, alikuwa amesema atanijaribu kwa safari moja. Mama akasema kwamba Mzee Mwero akinichukua, nitabaki pwani na hatanisumbua tena. Asiponichukua, nirudi Kikoneni kwa ami, ambaye ametuma salamu zaidi ya mara moja kuwa ng'ombe hawana mchungaji. Sikuwa na ugomvi na ng'ombe wale. Niliwajua, nao walinijua, na hatukuwa na jipya la kuambiana.

Sharti la Mzee Mwero lilikuwa fupi zaidi: njoo na kafi lako. Kikosini mliweza kuazimana panga, shuka, hata sahani. Kafi, hapana. Kafi la mtu limekaa kwa kimo cha mtu na mazoea ya mkono wake, na aliyelitia ufa kafi la mwenziwe alikuwa amempokonya njia ya kurudi nyumbani.

Makafi siku zile tuliyanunua Msambweni kwa Bi Mwanakombo, mjane wa mchongaji mmoja hodari. Mumewe alipokufa, alibaki na makafi aliyoyaacha, na wachongaji wengine wakaendelea kumletea yao auze, kwa kuwa hakuna aliyejua kuuza kama yeye. Aliyaegemeza ukutani chini ya upenu wa makuti, naye akakaa katikati yake akisuka ukili, ulimi wake ukifanya kazi kuliko vidole.

Yalikuwapo ya aina tatu. Yalikuwapo ya mvule, kipande kimoja, mazito kwa bei, ambayo niliyatazama kwa adabu na kuyapita. Yalikuwapo ya kuungwa, ambayo ubapa wake ni ubao uliopigiliwa misumari kwenye fimbo, hayo ndiyo yaliyokuwa rahisi kuliko yote. Na katikati yalikuwapo mawili ambayo mfuko wangu uliyafikia kwa kujinyoosha. La kwanza ni hilo mlilokwisha kulisikia, la mwembe, jembamba, jepesi mkononi kama unyoya. La pili lilikuwa la mkomafi, mti wa huku huku mikokoni. Lilikuwa fupi na nene, bega moja la ubapa wake limeshuka kuliko jingine, na katikati ya mpini lilikuwa na kifundo kama jicho lililovimba. Hili lilikuwa la bei ya chini kuliko lile.

Nilikwenda kwa Bi Mwanakombo siku nyingi mfululizo. Nililiinua kila kafi nikalifumbia jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, nione kama limenyooka. Nilipapasa, nikagonga, nikanusa. Aliniacha. Siku ya mwisho, nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ukili wake.

"Mwanangu," akasema, "wewe unanunua kafi au unaposa?"

Nikamwambia nataka lisilo na ila.

"Chukua lile la mkomafi. Lile utalilalia. Hilo uliloshika utalitazama tu."

Hilo ndilo jibu la maneno machache nililowaambia. Sikulielewa. Nilidhani anataka kuondokana na kafi baya lililokosa mnunuzi, nikajipongeza moyoni kwa kutodanganyika. Nikatoa fedha zangu zote, nikachukua la mwembe.

Kama ningeishia hapo, labda mambo yangekuwa nafuu. Lakini nilipolifikisha nyumbani nikaanza kuliona lina kasoro. Nikavunja chupa, nikachukua kigae chake, nikaukwangua mpini mpaka ukawa mwembamba zaidi na laini kama shavu la mtoto. Kisha nikatafuta sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Nilikuwa nimesikia kuwa yanahifadhi mbao, nami nikaona kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Nikapaka ubapa, nikapaka mpini, likakauka, nikapaka tena. Harufu ya sifa anayeijua anaijua. Mama alinitoa nje mimi na kafi langu, akaniambia nitakula chakula changu huko huko.

Asubuhi ya safari nilifika pwani wa kwanza. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Kikosi kilipokuja, kila mtu aliniangalia mimi, halafu kafi, halafu akashika pua. Kulikuwa na mtu akiitwa Hamisi, mcheshi wao, mwenye kafi la kuungwa aliloliita mke wa pili kwa jinsi lilivyomgharimu kwa matengenezo. Yeye ndiye aliyeniuliza kama papa mwenyewe yuko hai au nimekuja na jamaa zake tu. Tangu dakika hiyo jina langu la Saidi likafa, nikawa Mkikoneni.

Sikujua kuwa kulikuwa na jambo moja kabla ya kupanda mtumbwini. Kila mgeni wa kikosi lazima kafi lake liapishwe. Mzee Mwero alinipeleka kwenye tope laini karibu na mizizi ya mikoko, akaniambia nipige magoti, nichomeke kafi chini, nishike mpini kwa mikono miwili na kulilalia kwa uzito wangu wote, kifua juu, kama mtu anayesukuma mlango uliobanwa. Hapo ndipo neno la Bi Mwanakombo lilipofunguka kichwani mwangu, kwa kuchelewa. Mikokoni maji yanapokuwa machache kafi halipigi maji tena. Linasukuma tope, linasukuma mizizi, nawe unaliegemea mwili mzima, mtumbwi na mzigo wake vikisogea kwa nguvu ya kulala kwako.

Nikalala. Kafi la mwembe likapinda kama upinde, nikasikia mlio mdogo ndani yake. Halikuvunjika. Ila mikono yangu, kwenye sifa ile na ulaini ule niliouchuma kwa kigae, iliteremka kutoka juu ya mpini hadi chini bila kukutana na kizuizi, nami nikaifuata. Nilizama usoni hadi masikioni.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mwero hakucheka. Alinivuta kwa ukosi, akanitazama nilivyotapakaa, akasema polepole, "Sikupeleki na hili. Litanivunjikia ndani huko, au wewe litakuvunja. Maji yakifika kwenye jiwe lile, tunaondoka."

Jiwe lenyewe lilikuwa mbali kidogo na maji, lakini si mbali sana. Hakuna aliyesema neno Kikoneni, ila mimi nililisikia.

Njia ya kwenda Msambweni niliipita nusu kwa kukimbia na nusu kwa kujikwaa, kafi la mwembe begani. Bi Mwanakombo alikuwa pale pale na ukili wake.

"Nimekusikia tangu hujatokea," akasema. "Kwa pua. Umelilalia?"

"Limenilaza, Bi Mwanakombo."

Basi akacheka, na kicheko chake hakikuuma. Aliweka ukili chini, akaniletea maji ya kunawa macho, akaniuliza nimepewa muda gani. Nikamwambia habari ya jiwe. Akasema tunao muda wa kuchagua vizuri, ila hatuna muda wa kupendezwa. Na hapo, wajukuu zangu, ndipo nilipofundishwa kuchagua kafi la bei ndogo, na sijaona namna bora tangu siku hiyo.

Alinikalisha chini, kwa kuwa kafi hupimwa umekaa. Mimi nilikuwa nimeyapima yote nimesimama, kama ninayenunua mkuki. Alilisimamisha la mkomafi mbele ya magoti yangu: ncha ya juu ya mpini ikafika puani. Akasema likifika juu ya kichwa litanichosha mabega, na likiishia kidevuni litanivunja mgongo. Halafu akaniamuru nilitose lote kwenye pipa la maji na kuliinua. Mti mwepesi ukiwa mkavu unaweza kunywa maji ukawa mzito kama mtu aliyelala. Tulitosa la mwembe vilevile, na lile lililokuwa unyoya likarudi na uzito ambao sikuutegemea. La mkomafi lilitoka majini vile lilivyoingia. Kisha akaniambia nitembeze kidole kwenye shingo, pale mpini unapokutana na ubapa, nitafute ufa. Kafi haliulizwi uso, linaulizwa shingo. Bega lililoshuka akasema nisilitazame, maji hayana habari nalo. Mwisho nikalichomeka kwenye udongo laini kando ya kisima, nikalilalia, na halikutikisika.

Nikamwuliza kuhusu tofauti ya bei, kwa vile la mwembe nililinunua kwa bei ya juu kuliko hili.

"Lilikuwa la bei ya juu," akasema. "Sasa linanuka papa."

Tukabadilishana moja kwa moja. Baadaye nilipata habari kwamba la mwembe lilikaa upenuni muda mrefu mpaka harufu ikapungua, likanunuliwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga Diani, kwa bei iliyomfanya Bi Mwanakombo anunue kanga mbili za kuvaa sikukuu. Alinionyesha kanga hizo mwenyewe. Kafi lile likaenda ukutani, na huko halikumdhuru mtu. Sina kinyongo nalo. Kuna vitu ambavyo kazi yake ni kutazamwa.

Niliporudi Munje, maji yalikuwa yanalamba jiwe. Mtumbwi ulikuwa umeshaelea, watu wamekaa, Hamisi akanitolea hesabu ya wanaotaka kuondoka bila mimi, akijitaja yeye mwenyewe mara kadhaa. Mzee Mwero alinyoosha kidole kwenye tope. Nikapiga magoti pale pale nilipoangukia, nikalilalia kafi la mkomafi kwa kifua changu chote. Likasimama. Akanitazama kidogo.

"Panda," akasema.

Tukasema Bismillahi, tukaondoka.

Sitawachosha kwa habari za mbu, mnazijua. Niwaambie tu kosa nililojifundisha uani. Juu ya mbuzi ya nazi hakuna maji, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kuliinua kafi juu sana baada ya kila pigo, kwa madaha. Ndani ya mtumbwi madaha yale yalimwagika kwa aliyekaa mbele yangu, naye alikuwa Hamisi. Alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Kisha akageuka, maji yakimtiririka shingoni, akasema, "Mkikoneni, mimi nilishaoga asubuhi." Nikashusha mkono. Kafi hurudishwa mbele likiwa chini, karibu kugusa maji, kama unayepangusa meza. Kosa jingine lilikuwa kubadili upande kila pigo, kulia na kushoto, kama nilivyofanya uani. Mzee Mwero aliniambia nichague upande mmoja nikae nao, kwani mtumbwi haukuwa na haja ya kuonyeshwa pande zote mbili za bahari.

Na sasa tumefika kwenye kifundo.

Siku ya kwanza tulipopumzika adhuhuri kwenye kijisiwa cha mchanga katikati ya mikoko, wenzangu walilala. Mimi nilishindwa. Nilikuwa nimekaa na kafi langu mapajani, na kile kifundo kilikuwa kikinitazama. Kilikuwa kibaya. Kilikuwa mahali ambapo jicho haliwezi kukikwepa. Nikatoa kisu. Nilikuwa nimeshaweka makali juu yake nilipomsikia Mzee Mwero, ambaye nilidhani amelala, akiniuliza bila kufumbua macho, "Hicho kimekukosea nini?"

Nikasema hakijakosa, ila hakilingani na mpini wote.

"Mkono wako ulikuwa umeshika wapi tulipokuwa tunasukuma pale kwenye mizizi?"

Sikukumbuka. Nikafumba macho, nikalishika kafi kama tulivyosukuma, nikafumbua. Kiganja cha mkono wa chini kilikuwa kimekaa juu ya kifundo, kimekikumbatia. Mkono ulikuwa umekitafuta wenyewe asubuhi nzima, nami sikuambiwa. Nikarudisha kisu alani. Iliniuma, sitawaficha. Kwa siku kadhaa kila nilipokaa bure vidole vilikwenda kwenye kisu, nami nikavirudisha.

Tulikata kwa siku zote za bamvua. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila korija ilipotimia tuliifunga kwa kamba ya makumbi, ambayo ikilowa hubana zaidi. Tulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mzee Mwero alitaka korija moja ya mwisho, tukaipata, na kwa sababu hiyo tulitoka kwenye kijito cha ndani tumechelewa, mtumbwi umelemewa, maji ya bamvua yakiwa yameanza kupungua nguvu. Pipa letu la maji ya kunywa tulipolipiga teke lililia kama ngoma.

Kijito kile kina kona moja nyembamba. Tulipofika pale, maji yalisimama, yakageuka, yakaanza kutoka. Mtumbwi ukakaa kwenye tope. Mzee Mwero hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba maji haya ndiyo ya mwisho yanayotuhusu, tusukume. Tukashuka pembeni wengine, wengine tukabaki juu na makafi, tukachomeka, tukalala.

Pigo la kwanza halikuleta kitu. La pili, nikasikia mlio kama wa mlango unaong'oka. Kafi la Hamisi lilikuwa limeachana na misumari yake. Fimbo ilibaki mikononi mwake, ubapa ukabaki ndani ya tope. Akaitazama fimbo ile.

"Mke wa pili amerudi kwao," akasema, na mara hii hakuna aliyekuwa na pumzi ya kucheka. Akashuka kwenda kusukuma kwa mabega.

Upande ule sasa nilikuwa peke yangu na kafi. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu siku zote huja na maswali: je, nimelichomeka mahali pazuri, je, nisogee kidogo mbele, je, shingo ya kafi ina ufa ambao kidole hakikuuona. Nilikuwa bado ninayajibu maswali hayo Mzee Mwero aliposema, kutoka tezi, nyuma ya mtumbwi:

"Saidi. Lala."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nikalala. Niliweka kifua, nikaweka tumbo, nikaweka mihogo yote ya Kikoneni niliyopata kula. Mikono ilikuwa na tope na jasho, iliteleza, ikateremka, ikafika kwenye kifundo, ikasimama. Hapo ndipo uzito wangu ulipoingia ndani ya kafi wote, na kafi likauingiza kwenye ardhi. Nilisikia mtumbwi ukitetemeka chini ya magoti yangu kama ng'ombe anayefikiria kuamka. Kisha ukaamka. Uliteleza urefu wa mtu mmoja, ukasimama, tukalala tena, ukateleza tena, omo yake, ile ncha ya mbele, ikaingia kwenye maji marefu, na waliokuwa chini wakaurukia wakiwa wameloa tope hadi kwapani. Hamisi alipiga fimbo yake kifuani kama mwenye bakora ya sherehe, akaniambia kuwa sasa naruhusiwa kumwogesha.

Basi mnaponiuliza mnunue kafi gani, na fedha ni kidogo, mmeshalijua jibu. Acheni ya kuungwa, hata yakiwa rahisi, isipokuwa mnakwenda mahali ambapo mnaweza kurudi kwa miguu. Acheni yanayong'aa. Lipimeni mkiwa mmekaa, litoseni kabla ya kuliinua, liulizeni shingo, lilalieni. Mpini msiutie mafuta, usugueni kwa mchanga na majivu ushike kiganja. Ubapa upakeni kidogo tu, na msiliache kafi juani, lifunikeni mkeka uliolowa. Mkikuta kifundo mahali mkono wa chini unapokaa, msimwambie muuzaji kwamba mmefurahi. Nimechonga makafi mengi maishani mwangu, na hakuna hata moja nililolichonga bila kuacha uvimbe kidogo mahali pale. Wateja waliuona kama uzembe wa fundi. Niliwaacha waone hivyo, wakarudi kununua la pili.

Imebaki habari ya siku tuliyofika.

Tulipakua mzigo, tukakokota mtumbwi juu, na watu wakaanza kutawanyika. Makafi ya kikosi hayakwenda na wenyewe majumbani. Yaliwekwa darini kwa Mzee Mwero, yote pamoja, mpaka bamvua linalofuata. Mgeni aliyekuwa katika safari ya majaribio ndiye aliyeondoka na lake begani, akingoja kuitwa au kutoitwa. Nililijua hilo. Nikalisuuza kafi langu, nikalitia begani, nikaaga kwa adabu, nikageuka.

"Unalipeleka wapi?" Mzee Mwero akauliza.

"Nyumbani, mzee."

"Liache."

Nikalishusha begani. Alilipokea mwenyewe, akalipitisha juu pamoja na mengine, na nilisikia likigongana na wenzake.

Nilikwenda nyumbani mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Mama alikuwa uani. Aliniona natokea kwenye michungwa bila kafi, na uso wake ukabadilika, kwani alidhani limevunjika, au limezama, au nimelitupa kwa aibu. Akaacha alichokuwa akifanya.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ami yako si mtu mbaya."

"Kafi limebaki kwa Mzee Mwero," nikamwambia. "Darini."

Mama alizaliwa Munje, baba yake na kaka zake walikata boriti. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliingia ndani, nikadhani amekwenda kulia mahali nisipomwona. Akatoka na nazi mbili na ile mbuzi yake. Akaiweka katikati ya ua, akakaa juu yake kwa starehe, akakusanya kanga yake magotini.

"Alhamdulillahi," akasema, akaanza kukuna. "Sasa nimerudishiwa mbuzi yangu."